Kufundisha ukumbini na mtandaoni kwa mpigo: maandalizi ya siku moja ya mhadhiri wakati wa UVIKO-19

Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, vyuo vingi vilifunga kumbi na kuhamia mtandaoni. Kazi ilikuwa ngumu, ila ugumu wake ulikuwa wa namna moja: wanafunzi wote walikuwa mbali. Milango ilipoanza kufunguliwa nusu ndipo mhadhiri alipojikuta na madarasa mawili ndani ya kipindi kimoja. Ukumbi wa viti 60 unaruhusiwa watu 20. 40 waliobaki wako nyumbani, baadhi yao wakifuatilia kwa simu, na mwalimu ni yule yule mmoja.

Mwongozo huu unafuata siku ya mwalimu huyo, tangu jioni ya kuamkia kipindi hadi rekodi inapofika mikononi mwa wanafunzi. Kanuni yake ni moja: andaa kipindi kwa ajili ya aliye mbali kwanza, hasa yule mwenye simu ndogo anayesikia kuliko anavyoona. Ukimtosheleza huyo, aliye ukumbini naye ametosheka. Kinyume chake hakiwi. Mchoro wa chaki ubaoni humsaidia aliyeketi mbele yake tu, lakini mchoro ulio kwenye skrini huwafikia wote.

Chagua kwanza aina ya mseto

Mseto ni kuchanganya ukumbi na mtandao. Kuna mpango wa wote kwa wakati mmoja, ambapo nusu wako ukumbini na nusu wanafuatilia mubashara. Kuna mpango wa zamu: kundi la kwanza linakuja Jumatatu, la pili Jumatano, na siku ambayo kundi haliji linafanya kazi yake nyumbani. Upo pia mpango wa hiari, maarufu kwa jina la HyFlex, ulioanza kujengwa San Francisco State University mwaka 2006. Humo mwanafunzi anachagua kila wiki kuja, kuingia mubashara au kusoma baadaye kwa rekodi. Mpango huo ulikuwepo miaka mingi kabla ya janga, na wanaousifu mara nyingi husahau kutaja kwamba unamtaka mwalimu aandae njia tatu za kufika mahali pamoja.

Ukiachiwa uamuzi, chukua zamu kwa masomo ya maabara na mazoezi, na uweke maelezo ya mhadhara katika rekodi fupi za kutazamwa kabla. Muda wa mubashara ni haba, ukitumie kwa maswali na kutatua mifano. Kusoma slaidi kwa saa mbili mbele ya kamera kunawachosha walio mbali na hakuwapi waliokuja sababu ya kuja.

Jioni: karatasi ya kipindi

Chukua karatasi, ichore safu tatu. Ya kwanza ni dakika, ya pili ni kazi ya walio ukumbini, ya tatu ni kazi ya walio mtandaoni. Jaza kipindi chote kwa vipande vya dakika 10 hadi 12 vya maelezo, kila kipande kikifuatwa na dakika 5 hadi 8 za kitendo: kukokotoa, kuandika sentensi mbili, kupiga kura, kubishana. Ukimaliza, pitia safu ya tatu peke yake kutoka juu hadi chini. Popote ilipo na neno "wanasubiri" au "wanatazama wenzao", pana tundu, na hapo ndipo watu watakapofungua dirisha jingine na kuondoka kimyakimya. Rekebisha sehemu hiyo kabla ya kugusa slaidi hata moja.

Kipindi cha dakika 90 hubeba vipande vinne vya namna hiyo, si zaidi. Kuingia na kukagua sauti kunakula dakika 8 za mwanzo, na dakika 10 za mwisho ni za swali la kufungia. Mwalimu aliyezoea kumaliza mada tano ukumbini ajiandae kumaliza tatu na nusu. Inayobaki iende kwenye rekodi.

Slaidi zipimwe kwa skrini ya simu. Slaidi ya kawaida ya upana mpya ina sentimita 33.9, simu iliyolazwa huionyesha kwa upana wa takribani sentimita 14. Yaani kila kitu kinashuka hadi asilimia 41. Maandishi ya ukubwa wa 28 yanaonekana kama ya 11 na kitu, yanasomeka. Ya 18 yanaonekana kama ya 7, na hayo hakuna anayeyasoma. Kwa hiyo 28 iwe chini kabisa, mistari isizidi sita, na jedwali la safu nane ligawanywe au litumwe kama faili. Toa nakala ya PDF, punguza ukubwa wa picha zake hadi faili lishuke chini ya megabaiti 2, na liweke kwenye jukwaa la masomo jioni hiyo hiyo. Anayekatikiwa na mtandao katikati ya kipindi ataendelea nalo.

Weka kando taa ya leza ya kuelekezea. Nukta yake nyekundu haionekani kabisa kwa aliye mbali, maana yeye anapokea picha ya slaidi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, si picha ya ukuta. Tumia mshale wa kipanya, uukuze katika mipangilio ya kompyuta, au chora kwa kalamu ya skrini.

Kama somo lako linahitaji kuandika hatua kwa hatua, mfano hesabu, kemia au sarufi, usiielekeze kamera ubaoni. Mwanga hurudi, mwili wako huziba, na chaki haina rangi ya kutosha. Tafuta stendi ya kushika simu juu ya karatasi, kimo cha sentimita 35 hadi 40, simu ikitazama chini. Bandika vipande vinne vya utepe wa gundi mezani kuonyesha pembe za eneo linaloonekana, ili usiandike nje yake. Tumia kalamu nyeusi yenye ncha nene, kama milimita 1, kwenye karatasi isiyo na mistari. Taa iwe upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, vinginevyo kivuli cha mkono kitafunika kila unachoandika. Kisha bonyeza picha kwenye skrini ya simu na ushikilie mpaka ifunge ulengaji wake. Usipofanya hivyo, kamera itakuwa inahangaika kutafuta umbali kila mkono unapopita, na picha itafifia na kurudi muda wote.

Sauti

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kote. Picha ikikwama dakika tano, mwanafunzi anaendelea kusikia na kujifunza. Sauti ikikwama, kipindi kimekwisha. Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nunua maikrofoni na uiache kamera ya kompyuta ilivyo.

Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti inayofika hushuka kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi. Kutoka sentimita 20 hadi sentimita 160 ni maradufu mara tatu, yaani desibeli 18 zimepotea. Feni ya ukumbini na viti vinavyoburutwa havikushuka hata kidogo. Ndiyo maana maikrofoni iliyo ndani ya kompyuta husikika vizuri ukiwa umeketi mbele yake, na mara tu unaposimama na kutembea hatua mbili, walio mbali husikia ukumbi badala ya kukusikia wewe.

Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo hutatua sehemu kubwa ya shida hiyo. Ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, katikati ya kifua, juu ya kitambaa cha nje. Vua kamba ya kitambulisho, kaza ncha ya mtandio, toa mkufu. Vitu hivyo vikiigonga, msikilizaji anasikia ngurumo. Ya waya ni ya kuaminika kuliko isiyo na waya na haihitaji chaji, ila itakufunga mahali pamoja. Isiyo na waya hukupa uhuru wa kutembea, lakini chaji betri zake kila jioni bila kukadiria zimebaki ngapi.

Angalia plagi. Maikrofoni nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya simu, na plagi yake ina pete tatu nyeusi. Baadhi ya kompyuta zina matundu mawili tofauti, la maikrofoni na la spika, yanayotaka plagi ya pete mbili. Ukichomeka ya simu hapo bila adapta, kompyuta haitalalamika. Itaendelea tu kutumia maikrofoni yake ya ndani, nawe utafundisha saa nzima ukidhani umevaa kifaa kinachofanya kazi. Jaribio ni la sekunde tano: fungua mipangilio ya sauti, gonga maikrofoni ya kifuani kwa kucha, kisha gonga kompyuta. Kipimo kinachoruka kinakuonyesha ni ipi inayosikiliza.

Barakoa huleta shida ya aina nyingine. Barakoa ya kitabibu hupunguza sauti nyembamba kwa desibeli 3 au 4, na ile nzito ya N95 hufikia 12 hivi. Kinachopotea zaidi ni mlio wa konsonanti kama s, f, t na k, zile zinazotofautisha neno na neno. Kupaza sauti hakurudishi konsonanti hizo, kunaumiza koo tu. Punguza mwendo, tenga maneno, na kila neno jipya la taaluma liandike kwenye skrini unapolitaja kwa mara ya kwanza. Ngao ya plastiki ya usoni ni mbaya zaidi kwa sauti kuliko barakoa ya kitambaa, na maikrofoni ikiwa nje yake, sauti hufika kama ya mtu aliye ndani ya chombo.

Sasa mwangwi. Kuna milio miwili inayochanganywa, na kila mmoja una dawa yake. Ukisikia mluzi mkali unaopanda, kuna vifaa viwili ndani ya ukumbi vilivyofungua maikrofoni na spika: sauti inatoka kimoja, inaingia kingine, inazunguka. Kanuni ni kwamba ndani ya ukumbi kuwe na maikrofoni moja iliyo wazi na njia moja ya spika. Mwanafunzi aliyekuja na kompyuta na anataka kuingia katika mkutano wa mtandaoni wa kipindi ili aone ujumbe, aingie bila kuunganisha sauti kabisa. Kufunga maikrofoni peke yake hakutoshi, kwa sababu spika yake itaendelea kutoa sauti yako kwa kuchelewa na kuiingiza kwenye maikrofoni yako.

Mlio wa pili ni pale mwanafunzi wa mbali anaposikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Watu wengi humwambia yeye arekebishe simu yake. Anayesikia mwangwi wa sauti yake siye chanzo chake. Sauti yake imetoka kwenye spika za ukumbi, ikaingia kwenye maikrofoni ya ukumbi, ikarudi kwake. Punguza spika za ukumbi, zielekeze kwa wanafunzi na mbali na ulipo wewe, na hakikisha programu ya mkutano haijazimwa kazi yake ya kuondoa mwangwi.

Usipitishe maikrofoni mkono kwa mkono kwa wanaouliza. Mbali na suala la usafi, kupokezana kunapoteza muda na mara nyingi kinachosikika ni nusu ya mwisho ya swali. Rudia wewe kila swali kabla ya kulijibu, hata kama ni fupi. Tabia hii ni ngumu kuijenga, kwa hiyo iandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi na ukibandike ukingoni mwa skrini: RUDIA SWALI.

Hewa na nafasi

Virusi hivi husafiri pia katika chembe ndogo zinazoelea, kwa hiyo hewa ya ukumbi ni sehemu ya maandalizi sawasawa na slaidi. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana angalau dakika 10 kabla ya watu kuingia na uyaache wazi. Dirisha la upande mmoja hupitisha kidogo mno. Ukiwa nalo hilo tu, fungua na mlango, na uweke feni dirishani ikitazama nje ili isukume hewa iliyotumika itoke. Feni inayozungusha hewa ile ile juu ya vichwa huleta ubaridi tu.

Chuo kikiwa na kipimo cha hewa ya ukaa, kitumie. Nje kuna takribani sehemu 420 kwa milioni. Ndani, jitahidi kubaki chini ya 800. Ikivuka 1,000, watu wanavuta pumzi za wenzao kwa wingi: ongeza njia za hewa au toeni nje wote kwa dakika kumi. Kipimo kikae kimo cha kichwa cha aliyeketi, mbali na dirisha na angalau mita moja kutoka kwa mtu yeyote. Nunueni kinachopima kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi hupima gesi nyingine na kukisia, na huruka hadi maelfu mtu akipaka kitakasa mikono karibu navyo.

Viti: Shirika la Afya Duniani lilishauri umbali wa mita 1 au zaidi, na baadhi ya nchi ziliweka mita 2, basi fuata kanuni ya mahali ulipo. Weka alama sakafuni, kwa kuwa viti husogea vyenyewe kila baada ya kipindi. Piga picha ya waliokaa na wapi, au wape namba za viti, na utunze kumbukumbu hiyo siku 14. Ikitokea mmoja ameugua, utajua wa kumpigia.

Madirisha wazi huleta kelele, na hapo ndipo maikrofoni ya kifuani inapolipa gharama yake. Kama feni inasikika ikipanda kila unaponyamaza, programu inajiongezea sauti yenyewe kutafuta chochote cha kusikia. Zima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja na uweke kiwango kwa mkono, sauti yako ya kawaida ikifika robo tatu ya kipimo.

Mtandao, wako na wao

Wengi hupima kasi ya kupakua na kufurahi. Mwalimu anahitaji kasi ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo zaidi. Megabiti 3 kwa sekunde za kupakia zinatosha picha, sauti na slaidi. Ukiwa na 1, zima kamera yako wakati slaidi ziko juu. Pima saa ile ile ya kipindi, si usiku chuo kikiwa kitupu. Tumia waya kila inapowezekana. Ukilazimika kutumia Wi-Fi, chagua masafa ya gigahezi 5, kwa sababu yale ya 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, na ukumbi wenye simu ishirini unazijaza mara moja.

Kisha ufanye hesabu ya mwanafunzi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 80 kwa sekunde, ni megabaiti 36 kwa saa. Video ya megabiti 1.2 ni megabaiti 540 kwa saa. Kozi ya saa 3 kwa wiki kwa wiki 12 ni saa 36: kwa sauti ni gigabaiti 1.3, kwa video ni 19.4. Hiyo ni kozi moja, na mwanafunzi ana tano au sita. Mtu akiiona hesabu hii hawezi tena kumlazimisha mwanafunzi awashe kamera kama kipimo cha nidhamu. Waruhusu wazime kamera, waelekeze namna ya kukataa video inayoingia, na sema kwa maneno kila unachoonyesha: "upande wa kushoto wa mchoro, mshale unaoshuka", badala ya "hapa" na "huku".

Andaa njia ya pili ya mtandao. Simu yako yenye bando iingie kwenye mkutano kabla ya kipindi, sauti ikiwa haijaunganishwa, na uipe haki ya mwenyeji msaidizi, yaani ya kuuendesha mkutano pamoja nawe. Kompyuta ikizima, mkutano unabaki wazi mikononi mwa simu, nawe unaendelea kwa sauti ndani ya nusu dakika. Bila hivyo, katika baadhi ya programu uenyeji humwangukia mshiriki yeyote, au mkutano hufungwa. Kumbuka pia kwamba akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kundi baada ya dakika 40. Ukitumia hiyo, kata kipindi mwenyewe katika dakika ya 38, toa mapumziko, na muingie upya, kuliko kukatwa katikati ya sentensi.

Na wanafunzi wajue tangu wiki ya kwanza la kufanya ukipotea: kusubiri dakika 5 bila kutoka, kisha kufungua karatasi ya kazi ya wiki hiyo na kuanza. Agizo liandikwe juu ya karatasi yenyewe.

Nusu saa kabla

1. Fungua madirisha na mlango. Pangusa meza, kipanya na kibodi kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70. Usinyunyizie kifaa moja kwa moja.
2. Chomeka umeme kabla ya yote. Kompyuta inayotumia betri hujipunguzia nguvu, na video ndiyo ya kwanza kukwama.
3. Zuia masasisho ya kompyuta, funga barua pepe na programu za ujumbe. Ujumbe wa faragha ukitokea juu ya slaidi, utabaki katika rekodi.
4. Ingia mkutanoni, chagua maikrofoni kwa mkono, fanya jaribio la kugonga.
5. Ingiza simu ya akiba, ipe uenyeji msaidizi.
6. Rekodi sekunde 20 ukisimama pale utakapofundishia, ukiwa umevaa barakoa, kisha zisikilize kwa hedifoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana na ndiyo inayookoa vipindi vingi.
7. Kamera iwe usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako na si nyuma. Basi, inatosha.

Kipindi kikiendelea

Salimia walio mbali kwanza, kwa majina mawili matatu, na upate jibu la sauti. Hapo umejaribu maikrofoni, spika na moyo wa darasa kwa pamoja. Mteue mwanafunzi mmoja wa ukumbini kuwa mwangalizi wa ujumbe kwa wiki hiyo: kazi yake ni kusoma maswali yanayoandikwa na kunyoosha mkono kwa niaba ya aliyeuliza, tena bila kuona haya kukukatisha. Kusoma ujumbe mwenyewe huku unafundisha haiwezekani. Ama utaacha sentensi hewani, ama utaacha maswali yarundikane hadi yapitwe na wakati.

Ukiuliza swali, anza kuchukua jibu la mtandaoni. Sauti inachelewa njiani, mtu anatafuta kitufe cha kufungua maikrofoni, anajikusanya. Hesabu moyoni hadi kumi. Wa ukumbini atajibu baada ya sekunde mbili ukimruhusu, na baada ya wiki tatu za namna hiyo walio mbali huacha kujaribu.

Kazi za vikundi: usiwachanganye wa ukumbini na wa mbali katika kikundi kimoja isipokuwa kila mmoja ana hedifoni. Wa mbali waweke wanne wanne katika vyumba vidogo ndani ya mkutano wa mtandaoni, dakika 8. Wa ukumbini wafanye wawiliwawili kutoka walipoketi. Wote waandike katika waraka mmoja wa pamoja wenye nafasi zilizopewa namba, kikundi cha 1, cha 2, na kuendelea, ili uone kila kikundi kimefika wapi bila kuingia chumbani mwao. Maagizo yawe juu ya waraka huo. Mwanafunzi akishaingia chumba kidogo mara nyingi haoni tena slaidi yako, na kama swali liko kwenye slaidi, dakika tatu za kwanza zitaisha kwa kuulizana "ametuambia tufanye nini?"

Mahudhurio yachukuliwe kwa swali moja la kufungia, linalojibiwa kwa fomu fupi na wote, wa ndani na wa mbali. Orodha ya walioingia mkutanoni inaonyesha simu zilizowashwa tu. Fomu iwe wazi hadi kesho yake kwa ajili ya aliyekatikiwa. Mwenye homa au kikohozi asipoteze alama kwa kubaki nyumbani, na jambo hili litamkwe mara kwa mara, maana mwanafunzi anayeogopa alama atakuja akiwa mgonjwa.

Majaribio nayo yasitegemee dakika. Fungua mtihani wa mtandaoni kwa saa 24, badilisha namba zilizomo ndani ya maswali kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, na uulize yanayohitaji kufafanua badala ya kukariri. Mwisho wa kupokea kazi uwe saa 12 jioni kuliko saa 6 usiku. Usiku wa manane jukwaa hulemewa na hakuna fundi wa kumpigia.

Baada ya kipindi

Koo lipumzike nusu saa. Kusema kupitia barakoa madirisha yakiwa wazi kunaumiza hata waliozoea, na maji yanywewe kabla ya kiu, nje ya ukumbi, barakoa ikiwa imevuliwa salama.

Kisha rekodi. Usiipandishe nzima. Ikate kwa mada, vipande vya dakika 6 hadi 12, uondoe dakika za kuingia na zile wanafunzi walizozungumza mambo yao. Ihifadhi kwa ubora wa picha wa mistari 480 na kilobiti 500 kwa sekunde. Kipande cha dakika 10 kitakuwa kama megabaiti 38, kiasi ambacho simu inabeba. Toa pia nakala ya sauti tupu. Wanafunzi wawe wamekubali kurekodiwa tangu mwanzo wa muhula, na rekodi ichukue sura ya mwalimu na skrini, si gridi ya nyuso zao. Jina la faili lianze na tarehe, mwaka kwanza, ili yajipange yenyewe. Pandisha usiku mtandao ukiwa mwepesi.

Maswali yaliyobaki katika ujumbe yajibiwe kwa waraka mmoja wa wote, si mmojammoja. Tangaza saa mbili maalumu kwa wiki za kuongea na wanafunzi, moja ukumbini na moja mtandaoni, nje ya hapo simu ipumzike.

Mwisho rudi kwenye karatasi ya safu tatu na uandike pembeni yake mambo mawili: mahali muda ulipozidi, na mahali walio mbali waliponyamaza. Chomeka maikrofoni kwenye chaji.